Habari Mbaya na Ngazi ya Wakubwa: Historia ya Waangalizi wa Volkano ya Goma

Goma ni mji uliojengwa juu ya lava iliyopoa. Mawe meusi ya kuta zake, vumbi la barabara zake na kokoto zinazopasuliwa kwa nyundo kando ya njia vyote vilitoka tumboni mwa Nyiragongo, mlima wenye kimo cha mita 3,470 ambao kreta yake haifiki kilomita 20 kutoka mjini. Nyamulagira, volkano nyingine iliyo hai, ni jirani yake. Mji wa namna hii hauwezi kuishi bila watu ambao kazi yao ni kuukesha mlima, na watu hao wapo: ni wafanyakazi wa Kituo cha Uangalizi wa Volkano cha Goma, ambacho wakazi wanakiita kwa herufi zake za Kifaransa, OVG. Historia yao kwa kawaida husimuliwa kama historia ya vyombo, yaani ni mashine ngapi za kupima mitetemo zilikuwepo, zilitoka nchi gani, ziliharibika lini. Mimi naiona kwa upande mwingine. Tangu mlima huu upate waangalizi, katika kila msiba wake mkubwa sehemu iliyokatika ilikuwa ni njia kati ya anayejua na anayeamua, na njia hiyo hujengwa au hubomolewa na namna mkubwa anavyoishi na hofu, uchovu, aibu na hasira za walio chini yake. Uongozi wenye akili ya hisia, ambao wengi huudhani kuwa pambo la semina, hapa ni sehemu ya mtambo wenyewe wa kutoa tahadhari.

Wazo hilo lilipewa jina na wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, mwaka 1990, kisha likaenezwa duniani na kitabu cha Daniel Goleman mwaka 1995. Tangu hapo limeuzwa sana, na kwa kuuzwa sana limepungua uzito. Wengi wanalielewa kama ustadi wa kutabasamu na kusifu. Lakini kiini chake ni kigumu zaidi. Ni uwezo wa kutambua hisia zako na za wenzako na kuzitumia kufikiri vizuri zaidi. Amy Edmondson wa Harvard alionyesha katika miaka ya 1990 jambo lililowashangaza wenyewe waliolichunguza: katika hospitali, timu za wauguzi zenye uongozi mzuri ziliripoti makosa mengi zaidi ya dawa kuliko timu zenye uongozi mbaya. Uongozi mzuri uliwaondolea wauguzi hofu ya kusema, ndiyo maana makosa yao yalionekana, wakati kwenye timu nyingine yalibaki yamefichwa. Kwa kazi ya volkano, matokeo hayo yana maana kubwa kuliko kwa kazi nyingine nyingi, kwa sababu bidhaa pekee anayoizalisha mwangalizi wa mlima ni habari, na habari yenye thamani kuliko zote ni ile mbaya, ambayo hakuna mkubwa anayetaka kuipokea saa nane za usiku.

Mwanzo wa kazi hii katika Kivu ulikuwa wa kikoloni kwa kila maana. Wabelgiji walianzisha taasisi ya utafiti wa kisayansi, IRSAC, mwaka 1947, na makao yake katika Kivu yakajengwa Lwiro, kusini-magharibi mwa Ziwa Kivu, katika nchi ya vilima ya Wabashi. Huko ndiko mitetemo ya ardhi ya eneo lote ilikoanza kupimwa kwa utaratibu. Mzungu alikuwa mtafiti. Mwafrika alikuwa mpagazi, mlinzi, dereva au msaidizi wa maabara. Utaratibu huo uliacha urithi ambao haukuondoka pamoja na bendera ya Ubelgiji mwaka 1960: dhana kwamba ujuzi hutoka juu na hushuka, na kwamba anayebeba kifaa hana cha kusema juu ya kile kifaa kinachopima. Hata Haroun Tazieff, aliyeifanya Nyiragongo ijulikane duniani kwa vitabu na filamu zake kuanzia miaka ya 1950, alikuwa mgeni wa kupita, na baada ya safari zake mlima ulibaki na wenyeji ambao hakuna aliyewafundisha kuandika wanachokiona.

Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa kretani kwa miongo kadhaa lilipasua ubavu wa mlima na kumwagika lote kwa muda usiofikia saa moja. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi mno, na siku hiyo ilikimbia kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikimbia. Idadi ya waliokufa haikuwahi kukubalika. Makadirio yanaanzia makumi na kufika mamia, na tofauti hiyo yenyewe ni ushahidi wa nchi ambayo haikuwa na mtu wa kuhesabu wanakijiji wa mitelemko. Sina sababu ya kulikalia tukio hili kwa muda mrefu. Hapakuwa na kituo cha uangalizi, kwa hiyo hapakuwa na mfanyakazi wa kusikilizwa. Kilichofuata ndicho muhimu: katika miaka ya 1980, kwa ushirikiano na watafiti wa Japani akiwemo Hiroyuki Hamaguchi, Wakongo wa kituo cha Lwiro, ambacho wakati huo kilikuwa kinaitwa CRSN, walianza kufunzwa kwa dhati kupima na kufasiri mitetemo ya Virunga, na kazi ya kuuangalia mlima ikapata kiti chake Goma. Kizazi cha kwanza cha Wakongo wanaoijua Nyiragongo kwa takwimu kilizaliwa hapo.

Kizazi hicho kilizaliwa katika wakati mbaya. Zaire ya Mobutu ilikuwa inaoza, na mishahara ya serikali ilikuwa imegeuka kuwa jina tu. Wakongo walikuwa na mzaha mchungu kuhusu "kifungu cha 15" cha katiba, ambacho hakikuwahi kuandikwa popote lakini kila mtu alikijua: jitafutie mwenyewe. Mwalimu alijitafutia kwa wazazi wa wanafunzi, askari kwa wapita njia, karani kwa wenye shida na muhuri wake. Mtafiti wa volkano atajitafutia kwa nani? Mlima haumpi mtu hongo. Kazi yake haina mteja anayesubiri dirishani, na siku anapofanya vizuri hakuna kinachotokea. Hii ndiyo sababu ninaona historia ya OVG kuwa kipimo safi kuliko cha ofisi nyingine yoyote ya Kongo. Pale ambapo hakuna mshahara wala mapato ya pembeni, kinachomfanya mtu aendelee kupanda gari kwenda kusoma kifaa kilicho Katale ni heshima anayopewa, maana anayoiona katika kazi, na imani kwamba akisema kuna atakayesikia. Imani hiyo ikiisha, basi hata gari likiwepo halipandwi.

Kisha vikaja vita. Juni 1994 lava ilionekana tena kretani, na mwezi uliofuata mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda wakamiminika Goma, kipindupindu kikafuata, na dunia yote ikaja kwa mambo mengine kabisa. Vita vya 1996 na 1998 vikautenganisha mji na makao makuu ya nchi. Kuanzia 1998 Goma ilitawaliwa na waasi wa RCD, na watumishi wa umma wakawa na serikali mbili ambazo hakuna hata moja iliyowalipa ipasavyo. Katika hali hiyo ndimo alimofanya kazi Dieudonné Wafula, mtaalamu wa mitetemo ya ardhi, pamoja na wenzake wachache. Vyombo vilivyokuwa vinafanya kazi kati ya milima yote miwili vilikuwa viwili tu, kimoja Katale na kingine Bulengo. Kwa vyombo viwili huwezi kujua hasa tetemeko limetokea wapi. Lakini mtu aliyekaa na mlima kwa miaka anaweza kusoma tabia yake, na Wafula aliisoma. Nyamulagira ililipuka Februari 2001. Tarehe 7 Oktoba tetemeko likahisiwa Goma, na baada ya hapo mlima ukabadilika. Tarehe 4 Januari 2002 ardhi ikatikisika tena. Akawaambia wakuu wa mji, akawaandikia barua pepe wanavolkano wa nje, kwamba Nyiragongo inakaribia kulipuka.

Hakupata jibu lenye uzito. Tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilifunguka kwenye ubavu wa kusini, na mito ya lava ikapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, ikafunika takribani asilimia 13 ya Goma na sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege. Watu kati ya laki tatu na laki nne walikimbia, wengi wao kuvuka mpaka kuingia Gisenyi, na watu wapatao 120,000 wakabaki bila makazi. Siku nne baadaye kituo cha petroli kililipuka na kuua makumi ya watu waliorudi mapema. Idadi ya waliokufa kwa jumla ilikuwa ndogo kwa msiba wa ukubwa huo, kwa sababu lava ilichukua saa kadhaa kufika katikati ya mji na watu hawakungoja mtu awaruhusu kukimbia.

Watu waliosimulia jambo hili baadaye walilifanya hadithi ya shujaa mmoja asiyesikilizwa. Nadhani kwa kufanya hivyo tumeikosa nusu ya somo. Wafula alikuwa na ujasiri wa kusema, na ujasiri huo haukuwa wa bure: alikuwa mtu asiyelipwa, katika mji wa watu wenye bunduki, akitangaza habari ambayo kama ingekosea ingemfanya aonekane mchochezi. Ni wangapi kabla yake na baada yake walioona kitu kwenye karatasi ya kupimia mitetemo wakanyamaza? Taasisi haiwezi kutegemea kwamba kila usiku wa hatari utamkuta zamu mtu wa namna hiyo. Na waliopokea habari yake hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waliojawa na hofu nyingine. Kiongozi wa waasi alihofia kuonekana ameshindwa kuutawala mji. Mtaalamu wa ng'ambo alihofia kutoa tahadhari kwa takwimu za vyombo viwili. Kila mmoja aliilinda hofu yake kwa kuipuuza ya mwenzake. Kutambua hofu iliyo ndani yako kabla haijakuamulia ndiyo nusu ya kwanza ya kile Salovey na Mayer walichokuwa wanakizungumza, na ndiyo nusu ambayo viongozi wetu hufundishwa kwa nadra kabisa.

Baada ya 2002 pesa zikaja. Umoja wa Mataifa, Waitaliano, Wafaransa, Wabelgiji na wengine wakaleta wataalamu na vyombo. Jacques Durieux, mwanavolkano aliyeijua Nyiragongo vizuri, akaongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kupunguza hatari ya volkano hadi kifo chake mwaka 2009. Mtandao wa mashine ukakua, na katika miaka ya 2010 vituo vya kisasa vilivyowekwa kwa msaada wa Luxembourg na jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, vilianza kutuma data moja kwa moja. Mbao za rangi zikasimamishwa mitaani: kijani, njano, rangi ya chungwa, nyekundu. Mtoto wa Goma alijifunza kuzisoma kama anavyosoma saa. Sehemu zenye mazuku, ile hewa ya kaboni dioksidi inayokusanyika mabondeni na kuua mbuzi na watu, zikawekewa alama. Yote haya yalikuwa mema na yameokoa watu. Lakini misaada ilijenga nyumba ya orofa mbili ndani ya ofisi moja. Juu walikuwa walioingia kwenye mradi, wenye posho, safari na majina kwenye makala za kisayansi. Chini walikuwa waliobaki na mshahara wa serikali au bila mshahara wowote, na walinzi wa vituo vya mbali, wale wanaolala na betri na paneli za jua ili zisiibwe. Mradi una mwaka wa kuanza na mwaka wa kwisha. Hakuna mradi niliousoma uliokuwa na kifungu cha kujenga mazungumzo kati ya orofa hizo mbili.

Ndipo tunapofika 2020. Benki ya Dunia ilikuwa imekigharimia kituo kupitia programu ya dola milioni 2.3, na programu hiyo ilipokwisha mwaka huo haikuongezwa, katikati ya tuhuma za matumizi mabaya ya fedha. Wafanyakazi walikuwa wamelalamika: walidai malimbikizo, walishutumu uongozi, waliandika. Bili ya intaneti haikulipwa, na kwa miezi kadhaa, kuanzia Oktoba 2020 hadi Aprili 2021, data kutoka vituo vya mbali hazikufika ipasavyo mezani Goma. Fikiria maana yake kwa mtaalamu kijana aliyefunzwa kusoma mistari ya mitetemo kwenye skrini. Anaingia kazini, skrini haina kitu, mshahara hauna tarehe, na akiuliza anaonekana mkorofi. Mlima wenyewe haukuwa kimya: ziwa la lava lilikuwa limepanda kwa miaka kadhaa, na wanavolkano, akiwemo Dario Tedesco wa Italia, walikuwa wamekwisha kuonya hadharani. Tarehe 22 Mei 2021, jioni, bila tahadhari yoyote kutolewa, ubavu wa Nyiragongo ukapasuka. Lava ikateremkia vijiji vya Nyiragongo, ikala Buhene, ikasimama kwenye kingo za mji wa Goma. Watu wapatao 32 walikufa, maelfu ya nyumba zikateketea, na watoto zaidi ya 150 wakatengana na wazazi wao katika mkimbio wa usiku.

Hapa inanibidi nikutane na pingamizi zito kuliko yote, na silikwepi. Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi ulioongozwa na Delphine Smittarello, na Wakongo wa OVG wakiwemo miongoni mwa waandishi. Uchunguzi huo ulionyesha kwamba mlipuko wa 2021 haukutoa dalili za kawaida za kutangulia. Magma ilikuwa tayari imekaa karibu sana na uso wa ardhi, ubavu wa mlima ukapasuka, na ishara zilizoweza kutambuliwa zilianza chini ya saa moja kabla. Kwa hiyo mtu anaweza kusema: hata wangelipwa wote, hata intaneti ingekuwepo miezi yote, hata mkurugenzi angekuwa malaika, lava ingekuja vilevile bila kutangazwa. Nakubali. Anayedai kwamba ugomvi wa ofisi ndio uliowaua watu wa Buhene anadai jambo ambalo sayansi hailiungi mkono, na amewatendea vibaya wafanyakazi waliobebeshwa lawama ile.

Ila tusome uchunguzi huo hadi mwisho wa maana yake. Kama mlima unaweza kukupa saa moja tu au chini ya hapo, basi kila kitu kinategemea kinachotokea ndani ya saa hiyo. Nani yuko zamu? Je, amelala akiwa na njaa, au yuko kwenye kazi ya pili ya kumlisha mkewe na watoto? Akiona mstari umebadilika, ana simu ya nani? Na akimpigia, anatarajia kuulizwa "umeona nini?" au kufokewa "umeniamsha kwa nini?" Dalili ndefu za miezi, kama zile za 2001, zinaweza kuvumilia ofisi mbovu, kwa kuwa wenye kujua wana muda wa kuandika barua mara tatu. Dalili za nusu saa hazivumilii hata nukta moja ya kusitasita. Uchunguzi wa Nature, ambao kwa juu unaonekana kuwaondolea viongozi mzigo, kwa kweli umewaongezea. Wahenga wa Kiswahili walisema mkubwa ni jalala, na kwa mkuu wa kituo cha volkano hilo ni maelezo kamili ya kazi: kila taka ya wasiwasi, kila tetesi ya mlinzi wa kituo cha Rusayo, kila shaka ya kijana aliyehitimu mwaka jana lazima imfikie bila woga, kwa sababu kati ya taka mia moja kutakuwa na moja yenye moto.

Siku tano baada ya mlipuko tuliona upande wa pili wa jambo hilohilo, yaani namna wakubwa wanavyoongea na mji mzima. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi, jenerali Constant Ndima, aliyekuwa madarakani tangu hali ya kuzingirwa itangazwe mwanzoni mwa mwezi huo, aliamuru mitaa kumi kati ya 18 ya Goma ihame, kwa kuwa magma ilikuwa imegundulika chini ya mji na hata chini ya ziwa. Watu wapatao 400,000 wakaondoka kwa saa chache, kwa pikipiki, kwa chukudu za mbao, kwa miguu, kuelekea Sake, Minova na Rwanda. Uamuzi huo ulikuwa wa tahadhari na nautetea. Sehemu ya takwimu zilizousukuma ilitoka kwa wafanyakazi walewale waliokuwa wamepuuzwa miezi kadhaa; walirudi vituoni ardhi ikitetemeka mamia ya mara kwa siku. Lakini mji uliohama haukuwa umeandaliwa, na Sake haikuwa na maji wala vyoo kwa umati ule. Wakazi waliambiwa waondoke, hawakuambiwa wangoje nini. Wengi walirudi kabla ya kuruhusiwa mwezi Juni, kama walivyorudi 2002 lava ikiwa bado moto. Kurudi huko kumeitwa ukaidi. Mimi naona ni jibu la watu ambao hofu yao ilitumiwa kuwasukuma, kisha ikaachwa bila neno.

Kuna pingamizi la pili, na hili hutoka kwa wafanyakazi wenyewe: tunataka mshahara, si kusikilizwa. Lina haki. Ni aibu kumpa mtu mafunzo ya hisia mahali pa malimbikizo yake, na mkurugenzi anayejifunza kusikiliza ili asilipe amejifunza ulaghai. Hata hivyo ushahidi wa Goma hauruhusu kuyatenga mambo haya mawili. Kituo kilikuwa na fedha nyingi kuliko wakati wowote kati ya 2002 na 2020, na bado kikafika 2021 kikiwa kimegawanyika. Wafula na wenzake walikuwa hawana kitu mwaka 2001, na bado walisoma mlima sawasawa. Pesa zisizogawanywa kwa haki huzaa uchungu kuliko ufukara wa wote. Mfanyakazi anaposoma jina lake halimo kwenye orodha, huku mwenziwe wa dawati la jirani akirudi kutoka mkutano wa Ulaya, anapata ujumbe kuhusu thamani ya sauti yake, na siku ya hatari atakumbuka ujumbe huo. Kulipa kwa haki ni tendo la kwanza la kutambua hisia za mtu, na kueleza waziwazi kwa nini fedha hazipo, zinapokuwa hazipo, ni la pili. Wakurugenzi wengi hushindwa la pili ambalo halina gharama.

Wengine husema kwamba uangalizi wa hatari unahitaji amri, kama jeshi, na kwamba mazungumzo huchelewesha. Ushahidi wa ng'ambo unasema kinyume. Colombia mwaka 1985 ilikuwa na ramani ya hatari ya Nevado del Ruiz, na wataalamu walioonya, lakini ngazi za wakubwa zilisitasita kwa kuogopa gharama ya tahadhari ya uongo; watu takribani 23,000 walikufa, wengi wao katika mji wa Armero. Ufilipino mwaka 1991, mbele ya Pinatubo, Raymundo Punongbayan na kituo chake walifanya kazi bega kwa bega na Wamarekani, wakabishana ndani kwa ukali, kisha wakazungumza na wananchi kwa sauti moja, na makumi ya maelfu ya watu wakahamishwa kabla ya mlipuko mkubwa wa tarehe 15 Juni. Amri ilikuwepo Ufilipino pia. Ila ilikuja baada ya kila mwenye shaka kusikilizwa, na ndiyo maana ilitiiwa. Hata katika Kivu desturi ya baraza, ambapo mzee hasemi neno la mwisho mpaka wadogo wamemaliza yao, inalijua hilo. Ni ofisi ya kikoloni iliyoligeuza, ikaanza na neno la mkubwa.

Sasa mazingira yamerudi karibu na yale ya 1998. Tangu mwishoni mwa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa waasi wa M23, benki zilifungwa, na watumishi wa umma wana tena mwajiri upande mmoja wa mstari wa vita na mtawala upande mwingine. Kreta ina lava tena tangu miezi ya baada ya mlipuko wa 2021, na mji wenye watu zaidi ya milioni moja umelala kwenye njia zilezile za lava. Katika hali hii kiongozi wa kituo hana mamlaka juu ya mshahara, wala juu ya usalama wa barabara ya kwenda vituo vya kaskazini. Mamlaka aliyobaki nayo ni madogo na ni yake peke yake: kuandika kwenye taarifa ya wiki jina la aliyeiona dalili kwanza badala ya jina lake, kumpa kijana nafasi ya kufasiri data mbele ya wazee na kumsahihisha bila kumdhalilisha, kumshukuru hadharani aliyemwamsha bure, kuwataja walinzi wa vituo kama wafanyakazi wa kituo kwenye kila ombi la msaada linalotoka Goma. Walinzi hao kwa kawaida ni wa mwisho kulipwa na wa kwanza kuusikia mlima, na kikao cha dharura ambacho hawana kiti wala namba ya simu ya kukipigia kitaanza kila mara kikiwa kimechelewa.